Mrusha Kisahani wa Roma au wa London: ukipata nafasi ya kumwona mmoja, umchague yupi?

Kuna wanaume wawili wa marumaru walioinama kwa namna moja. Kila mmoja ameurudisha nyuma mkono wa kulia wenye kisahani, na wote wawili hutajwa vitabuni kuwa ni Mrusha Kisahani wa Myron, mchongaji wa Kigiriki. Mmoja yuko Roma, katika makumbusho ya Palazzo Massimo, jirani kabisa na stesheni ya Termini. Wa pili yuko London, British Museum. Sanamu yenyewe, ile aliyoisubu Myron kwa shaba katikati ya karne ya 5 KK, haipo tena. Shaba nyingi za Wagiriki ziliyeyushwa zikawa sarafu, silaha na vyombo, na tulichobaki nacho ni nakala zilizochongwa na mafundi wa enzi za Warumi, miaka mia kadhaa baada ya mwenyewe kufa.

Mtu aliye Ulaya kwa masomo au kwa kazi mara nyingi ana siku moja tu ya kujitolea kwa mambo haya, na nauli si jambo dogo. Kwa hiyo nautanguliza msimamo wangu. Ukimtafuta Myron, nenda Roma. Ukitaka kuelewa jinsi nakala inavyopita mikononi mwa watu ikabadilishwa, London inakutosha, tena haina kiingilio. Na kama unachotaka hasa ni kuona jinsi Wagiriki walivyousimamisha mwili wa binadamu, waache wote wawili, nenda Napoli ukamwone Mbeba Mkuki wa Polykleitos, mchongaji mwingine wa Kigiriki. Aliye Marekani na aende Minneapolis, kwenye nakala yake nyingine.

Sababu zinahitaji maelezo, na maelezo yanaanzia kwenye karakana.

Nakala ilipatikanaje

Warumi walianza kuzijua sanamu za Kigiriki kwa wingi kupitia vita. Jemadari wa Kirumi Marcellus alipoiteka Syracuse, mji wa Kigiriki kule Sicilia, mwaka 212 KK alirudi Roma na shehena ya kazi za sanaa. Jemadari Mummius alifanya vivyo hivyo baada ya kuubomoa mji wa Korintho mwaka 146 KK. Mabwana wa Kirumi wakazoea kuziona, kisha wakazitaka majumbani mwao. Barua za Cicero, mwanasiasa wa Kirumi, kwa rafiki yake Atticus, aliyekuwa akiishi Athene, bado zipo: ndani yake anamwomba amnunulie sanamu za kupamba nyumba yake ya shamba kule Tusculum, na anamhimiza azisafirishe mapema. Wateja wa namna hiyo walikuwa wengi kuliko sanamu za asili zilizopatikana, na hapo ndipo biashara ya nakala ilipostawi.

Kazi ilianza kwa kuchukua kalibu. Fundi aliipaka sanamu ya shaba kitu cha kunata, akaibandua kalibu kipande kwa kipande, kisha akamimina jasi ndani yake. Mwandishi Lucian, aliyeishi karne ya 2 BK, anaieleza sanamu ya mungu Hermes iliyokuwa sokoni Athene kuwa ilikuwa imejaa lami, kwa kuwa kila siku wachongaji walikuwa wakiichukulia kalibu. Mwaka 1954, kule Baiae karibu na Napoli, vilifukuliwa mamia ya vipande vya jasi kutoka karakana ya aina hiyo. Miongoni mwake kimo kipande cha uso wa Aristogeiton, mmoja wa wale wawili waliosifiwa Athene kwa kumuua ndugu wa mtawala wa mabavu. Ukiukaribia unaona alama za kope. Sanamu za shaba zilitiwa kope za bati la shaba, na mwenye kuchukua kalibu alilazimika kuzifunika kwanza ili asizivunje. Shaba yenyewe imepotea, lakini jasi iliyoigusa ipo. Mimi sijui ushahidi mwingine unaotusogeza karibu hivyo na mikono ya waliosubu.

Kutoka kwenye jasi, vipimo vilihamishiwa kwenye jiwe, kisha tindo na keekee vikafanya kazi. Na hapo ndipo penye tatizo la kila nakala ya marumaru. Shaba iliyosubiwa ina uwazi ndani, ni nyepesi kwa ukubwa wake, na haivunjiki kwa urahisi; mtu wa shaba anaweza kusimama kwa mguu mmoja na kunyoosha mkono hewani. Marumaru ni nzito na haivumilii kuvutwa. Ukiuchonga mguu mwembamba uubebe mwili mzima, utakatika kwenye kifundo. Kwa hiyo fundi aliongeza kisiki cha mti nyuma ya mguu, na vijiti vya jiwe kati ya mkono na paja. Hivyo vyote si mali ya Myron wala ya Polykleitos. Unapoisimamia nakala yoyote, kitu cha kwanza ni kukitoa kisiki kichwani mwako, uuone mwili ukiwa huru.

Wa Roma

Sanamu ya Roma ilifukuliwa tarehe 14 Machi 1781 kwenye kilima cha Esquilino, katika eneo la familia ya Massimo, ikiwa karibu nzima. Baadaye ikawa mali ya familia ya Lancellotti, ndiyo maana hadi leo huitwa Mrusha Kisahani wa Lancellotti. Ilichongwa katika karne ya 2 BK.

Umuhimu wake wote uko shingoni. Kichwa ni chake mwenyewe, nacho kimegeuka kutazama nyuma, kuelekea mkono wenye kisahani. Carlo Fea, mtaalamu wa mambo ya kale, alipoiona aliikumbuka habari aliyoiandika Lucian kuhusu kazi ya Myron: mtu aliyeinama kwa ajili ya kurusha, amegeuka kuutazama mkono ulioshika kisahani, goti moja limekunjwa kidogo, kana kwamba atainuka mara tu atakaporusha. Maneno na jiwe vikalingana. Kabla ya hapo vilikuwepo viwiliwili vya nakala hiihii ambavyo watu walivitengeneza kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa hakuna aliyejua ni vya nani.

Sasa simama mbele yake, upande ule ambao kifua kinakuelekea wewe huku miguu ikionekana kwa ubavuni. Mikono miwili inaunda tao moja refu, kutoka kisahani hadi vidole vya mkono wa kushoto vilivyo karibu na goti. Kiwiliwili kimezungushwa kiunoni kiasi kwamba ukijaribu kujikunja hivyo nyumbani utaumia, na bado hakuna hata sehemu moja inayokuonyesha maumivu. Mbavu zimepangwa kwa utulivu. Uso hauna mkazo wowote. Ukishangaa inakuwaje mtu anayejiandaa kurusha kwa nguvu zake zote awe na uso wa namna hiyo, mwandishi wa Kirumi Pliny amekwisha kukujibu: aliandika kwamba Myron aliushughulikia sana mwili lakini hakuonyesha hisia za moyoni, na kwamba nywele alizichonga kwa namna ya kizamani tu. Tazama nywele za huyu wa Roma. Ni fupi, zimelala, karibu kama kofia iliyobana. Fundi Mrumi angeweza kuzifanya ziwe na mawimbi na vivuli, maana zama zake watu walipenda sana kazi ya keekee kwenye nywele. Hakufanya hivyo. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko mwingine wowote kwamba alimheshimu aliyemtangulia.

Lancellotti ana udhaifu wake. Uso wa jiwe umesafishwa na kung'arishwa hadi ngozi imekuwa laini mno, na misuli mingine imepoteza makali. Lakini dawa ya udhaifu huo iko kwenye makumbusho hayohayo. Kuna kiwiliwili cha nakala nyingine kilichofukuliwa mwaka 1906 kule Castel Porziano, shamba la uwindaji la mfalme wa Italia, karibu na bahari. Hakina kichwa na kimevunjika vibaya, lakini uchongaji wake una uhai kuliko wa Lancellotti: mbavu zinasukuma ngozi kutoka ndani, na tumbo limekunjwa kwa ukali wa mtu aliyebana pumzi. Watu wengi humpita bila kusimama kwa sababu hana kichwa. Usiwafuate. Kaa naye kwanza, uujaze mwili machoni, ndipo umrudie Lancellotti kwa ajili ya kichwa na umbo zima.

Kuna kisa kinachomwandama Lancellotti, na msomaji ana haki ya kukijua. Mwaka 1938 familia ilimuuzia Hitler kwa lira milioni 5. Bottai, waziri wa elimu wa Italia, alipinga. Ciano, waziri wa mambo ya nje, akapitisha. Sanamu ikapandishwa treni hadi München, ikaonyeshwa Glyptothek, makumbusho ya sanamu ya huko, kama mfano wa mwili ambao utawala ule uliudai kuwa wa jamii yake. Mtu wa Myron akafanywa shahidi wa uongo. Baada ya vita ilirudishwa Italia, mwaka 1948. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengine, wakiuona mwili huu mweupe unaometa, huhisi kuna kitu cha kuogopesha ndani yake, na hisia hiyo haikuzuka bure. Lakini weupe wenyewe si wa Wagiriki. Shaba ya Myron ilikuwa na rangi ya shaba, na sanamu za marumaru, za Wagiriki na za Warumi, zilipakwa rangi: nywele, midomo, macho, nguo. Weupe tunaouona ni rangi iliyopotea, kisha ukapendwa na watu wa karne za karibuni.

Wa London

Huyu alifukuliwa Tivoli, katika jumba la mfalme Hadrian, takriban miaka 10 baada ya mwenzake. Thomas Jenkins, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara ya vitu vya kale mjini Roma, akamnunua. Mchongaji Carlo Albacini akamkarabati. Kisha akauzwa kwa Charles Townley, tajiri mkusanyaji, kwa pauni 400. Townley alipofariki mwaka 1805, British Museum ikanunua mkusanyo wake wa marumaru, na Mrusha Kisahani akawa humo.

Mwili ni mzuri. Nalisema hilo bila kusita, kwa kuwa wengi wakishasikia habari ya kichwa humdharau mzima mzima. Miguu yake imechongwa kwa uangalifu, na mgongo unastahili kuzungukwa kutazamwa. Shida ni shingo. Kichwa alichowekewa ni cha kale kweli, ila kilitoka kwenye sanamu nyingine, na Albacini alikiweka kikitazama mbele na chini badala ya kutazama kisahani. Tao la mikono linabaki, lakini kamba inayofunga mwili mzima imekatwa. Jicho lako linapanda kutoka mguuni, linapita kiunoni, linafika mabegani, halafu linaambiwa lirudi sakafuni. Katika sanamu ya Roma macho ya mrushaji yanakupeleka kwenye kisahani, ukifika hapo unajua kitakachotokea sekunde ijayo. Katika ya London hujui anatazama nini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nakala ya Esquilino ilikuwa imeshaonekana, na kichwa chake kinajulikana kinatazama wapi, wakati Albacini anaifanya kazi ile. Soko lilitaka sanamu nzima. Kiwiliwili bila kichwa kilikuwa na bei ndogo, na mkarabati wa zama zile hakuona kosa kuunganisha kichwa cha huyu na mwili wa yule. Ndugu yake mwingine, aliyefukuliwa hukohuko Tivoli na sasa yuko Vatikani, alipata kichwa kipya kabisa kilichochongwa wakati wa ukarabati, nacho pia kimeelekea kusiko. Kwa ajili ya Mrusha Kisahani peke yake, usiende Vatikani. Kuna mengine mengi ya kukupeleka huko.

Kwa nini basi nasema London inaweza kuwa chaguo sahihi? Kwanza, gharama. Kuingia ni bure, unaweza kurudi kesho na keshokutwa, ukakaa na kitu kimoja kwa dakika 20 bila kuhisi unapoteza pesa ya tiketi. Sanamu haifunguki kwa mtu mwenye haraka. Pili, hakuna mahali pazuri kuliko hapo pa kujifunza kutilia shaka. Baada ya kumchunguza huyu, hutaiamini tena sanamu ya kale kwa kuitazama mara moja: utatafuta mistari ya viungo shingoni, utalinganisha rangi ya jiwe la pua na la shavu, utauliza mkono huu ni wa nani. Tatu, ndiye aliyeujaza ulimwengu. Bango la Michezo ya Olimpiki ya London ya 1948 lilimchora mrusha kisahani mbele ya mnara wa saa wa bunge, na mamilioni ya watu wasiowahi kulisikia jina la Myron wanalijua umbo hilo.

Ukimfikia, kuna njia rahisi ya kumsaidia. Simama upande wa kifua, nyanyua kiganja chako mbele ya jicho, ukifunike kichwa. Mara moja mwili unarudi kwa Myron.

Kuna wa tatu, wa jasi

Mwanzoni mwa karne ya 20, familia ya Lancellotti iliifungia sanamu yao ndani, na wataalamu hawakuruhusiwa kuisogelea. Mtaalamu wa mambo ya kale Giulio Emanuele Rizzo akaamua kumuunda upya Mrusha Kisahani kwa jasi: kiwiliwili kutoka Castel Porziano, kichwa kutoka kalibu ya zamani ya Lancellotti, mkono kutoka kipande kilichopo katika makumbusho ya Casa Buonarroti mjini Firenze, na miguu kutoka kwa yule wa London. Matokeo yake hayapo katika jiwe lolote la kale, na bado yanakaribia sana kile ambacho Myron alikisubu. Chuo kikuu cha Sapienza mjini Roma kina makumbusho ya nakala za jasi, ambako unaweza kuona sanamu zilizotawanyika katika nchi nyingi zikiwa zimesimama chini ya paa moja.

Watu huiona jasi kama kitu cha kufundishia watoto. Mimi naona tofauti. Jasi haina kisiki kisichohitajika, haina sifa ya umri wala bei, na inakulazimisha utazame umbo tu. Mwanafunzi wa uchongaji mwenye siku mbili Roma, ya kwanza aitumie Palazzo Massimo na ya pili Sapienza, kabla ya kwenda popote pengine.

Mbeba Mkuki: Napoli na Minneapolis

Polykleitos wa Argos aliishi karibu zama moja na Myron, lakini alitafuta jambo jingine. Yeye hakutaka kulinasa tendo, alitaka kipimo. Aliandika kitabu alichokiita Kanuni na akasubu sanamu ya kukithibitisha, kijana anayebeba mkuki. Kitabu kimepotea. Tabibu Galen ametuhifadhia kiini chake: uzuri uko katika uwiano wa kidole na kidole, wa vidole vyote na kiganja, wa kiganja na kigasha, wa kigasha na mkono wa juu, na wa kila kiungo na kingine.

Nakala ya Napoli ilifukuliwa Pompeii mwaka 1797, katika uwanja wa mazoezi wa vijana. Kwa zaidi ya miaka 60 ilikaa bila jina, mpaka mtaalamu wa Kijerumani Karl Friederichs alipoitambua mwaka 1863. Ni karibu nzima, na hilo ndilo linaloifanya iwe rejea ya wote. Uzito umeangukia mguu wa kulia. Mguu wa kushoto umelegea, kisigino kimeinuka. Nyonga ya upande wenye uzito imepanda, bega la upande huo limeshuka. Mkono wa kulia umening'inia bila kazi, wa kushoto umekunjwa kushika mkuki. Kwa hiyo mguu unaofanya kazi uko upande wa mkono uliopumzika, na mkono unaofanya kazi uko upande wa mguu uliopumzika. Ukishaliona hilo mara moja utaliona kila mahali, hata kwa mtu anayengoja basi.

Ila uso wa jiwe la Napoli ni mkavu. Misuli ya tumbo imegawanywa kwa mistari migumu, na kinena kimechorwa kama kwa kifaa. Yule wa Minneapolis, aliyechongwa kwa marumaru ya Pentelikon, jiwe lilelile la Athene, ana ngozi yenye uhai zaidi. Mabadiliko kutoka kifua hadi tumbo ni ya taratibu, na mwanga unateleza badala ya kukatika. Mkono wake wa kushoto haukukamilika, lakini kiwiliwili kinafidia. Nikiulizwa ni nakala ipi ya Mbeba Mkuki iliyochongwa vizuri zaidi, nitamtaja huyu kabla ya yule wa Pompeii.

Na bado nampeleka msomaji Napoli, kwa sababu ya jirani zake. Katika makumbusho hayohayo kuna kichwa cha Mbeba Mkuki cha shaba, kilichotoka katika jumba kubwa la Herculaneum lililohifadhi mafunjo, nacho kina sahihi ya Apollonios, mwana wa Archias, Mwathene. Kwenda kutoka kwa marumaru hadi kwa shaba hii, kisha kurudi, ndilo somo bora kuliko yote ninayoyajua kuhusu nakala. Nywele ambazo katika jiwe ni uvimbe tu, katika shaba zimekatwa kwa ncha kali, shungi moja juu ya jingine, kila moja ikiwa na mwelekeo wake. Hapo unaelewa ni kiasi gani kilichopotea kila sura ilipohamishwa kutoka kwenye shaba kwenda kwenye jiwe. Pia wapo wale wawili wa Athene, Harmodios na Aristogeiton, waliochongwa kwa marumaru kutoka kwa shaba ya wachongaji Kritios na Nesiotes ya mwaka 477 KK. Safari fupi kutoka Napoli inakufikisha kwenye ngome ya Baia, ambako vipande vya jasi vya karakana vimehifadhiwa, ukiwemo ule uso wa Aristogeiton. Jasi, jiwe na shaba, vyote ndani ya siku moja au mbili. Roma yenyewe haina mpangilio huo.

Kuna jambo jingine linalohusu Minneapolis. Makumbusho ya huko, ambayo nayo hayana kiingilio cha kawaida, yaliinunua sanamu hiyo mwaka 1986 kwa dola milioni 2.5. Italia inasema ilichimbwa kwa siri katika eneo la Stabiae, karibu na Pompeii, na ikasafirishwa kinyume cha sheria. Mwaka 2022 mahakama ya Italia iliamuru itwaliwe. Mimi naamini kitu kilichoibwa ardhini kinapaswa kurudi, hata kama kimetunzwa vizuri na kinapendwa kilipo, na kanuni hiyo siibadilishi kwa kuwa sanamu imeniteka. Kwa Mkenya au Mtanzania anayeishi Minnesota, na wako wengi, maana yake ya vitendo ni kwamba asiahirishe.

Afrodite, kwa ufupi

Wanaotaka sanamu ya mwanamke huulizia Afrodite wa Knidos, sanamu ya mungu wa kike wa mapenzi, kazi ya mchongaji Praxiteles ya karne ya 4 KK. Hapa tatizo la kuhama kutoka shaba halipo, kwa kuwa ya asili ilikuwa marumaru. Nakala zake zinaongea lugha ya mwenyewe. Lakini chagua kwa tahadhari. Yule wa Ludovisi, Palazzo Altemps mjini Roma, ni wa kale kiwiliwili na mapaja tu. Kichwa, mikono na miguu ni kazi ya Ippolito Buzzi wa karne ya 17. Yule wa Colonna, Vatikani, ndiye anayeaminiwa zaidi kwa mkao, ingawa kwa muda mrefu alivalishwa nguo ya bati ili asionekane uchi. Kati ya hawa wawili namchagua wa Colonna bila kufikiri mara mbili, na kwa kuwa nimekwisha kusema usiende Vatikani kwa ajili ya Mrusha Kisahani, basi nenda kwa ajili yake.

Ukishaamua

Anayekwenda Roma aangalie kwanza siku na vyumba vilivyofunguliwa. Palazzo Massimo hufungwa Jumatatu, na makumbusho ya serikali ya Italia huwa bure Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo msongamano nao huwa mkubwa. Anayekwenda Napoli akumbuke kwamba makumbusho ya huko hufungwa Jumanne. London, ulizia mlangoni sanamu iko chumba gani, kwa sababu huhamishwa na mara nyingine huazimwa nje.

Na mwenye bajeti ya kufika kusini kabisa mwa Italia, baada ya nakala zote hizi, aende Reggio Calabria. Huko wako wapiganaji wawili wa shaba waliookolewa baharini mbele ya Riace mwaka 1972, Wagiriki halisi wa karne ya 5 KK, si nakala ya mtu. Wana midomo ya shaba nyekundu, na mmoja wao ana meno ya fedha. Hawakuongezewa kisiki wala kijiti. Ushauri wangu ni kuwaweka hao mwisho wa safari: atakayeanza nao atakosa subira ya kuitazama marumaru, naye atakuwa amemkosa Myron, ambaye hana shaba iliyookolewa na bahari yoyote.